Oscar Micheaux: Hela Kidogo, Hadithi Kubwa

Tukijadili filamu za wanafunzi wenzetu, lawama ya kwanza huangukia hela: kamera duni, sauti inakwaruza, taa hakuna. Maisha ya Oscar Micheaux yanatupa kipimo kingine.

Jamaa alizaliwa 1884 Illinois, Marekani, na baba aliyezaliwa mtumwa. Alifanya kazi ya upagazi kwenye treni, akaweka akiba, akachukua shamba South Dakota. Shamba likamshinda, akaandika riwaya na kuziuza mwenyewe nyumba hadi nyumba. Kampuni moja ya filamu ya Watu Weusi ikataka riwaya yake The Homesteader. Akakubali, kwa sharti kwamba aiongoze yeye. Wakagoma. Basi akauza hisa, akaitengeneza mwenyewe, ikatoka 1919.

Kwa miaka 30 alitoa filamu 40 hivi. Alizibeba mji hadi mji, akiwaomba wenye majumba ya sinema malipo ya awali. Kwa kubana matumizi, onyesho mara nyingi lilipigwa mara moja tu. Mwigizaji akikosea, kosa linabaki.

Sasa tazama Within Our Gates ya 1920. Sylvia ni mwalimu anayetafuta fedha za kuokoa shule ya watoto Weusi. Mwishoni tunarudishwa nyuma: Sylvia alikuwa akimtunzia baba mlezi hesabu, na baba akaenda kumdai mwenye shamba haki yake. Mwenye shamba anapigwa risasi na mzungu maskini, lakini anayesingiziwa ni baba. Mtumishi aliyepeleka umbea huo kwa wazungu, akidhani ni mwenzao, anauawa na umati uleule. Kisha baba na mama wananyongwa. Hapo hakuna anayekumbuka ubovu wa taa. Kila tukio limezaliwa na lililotangulia, na kila mhusika anataka kitu.

Lakini filamu hiyohiyo inayumba pia. Sylvia anagongwa na gari, na mwenye gari anageuka kuwa tajiri atakayeisaidia shule. Mwanaume anayetaka kumbaka anaona kovu kifuani mwake, anagundua ni bintiye. Ni bahati juu ya bahati, na mtazamaji anaanza kuguna. Hilo si kosa la mfuko, ni kosa la kalamu.

The Betrayal ya 1948 ilikuwa ndefu kupita saa 3. Wahakiki wakaiponda, biashara ikafa. Micheaux akafariki 1951, na filamu zake nyingi zimepotea. Within Our Gates ilisalia kwa nakala moja iliyopatikana Hispania.

Kwa hiyo wewe unayeandaa filamu kwa simu yako, usianze kulia na bajeti. Chukua muswada, uliza kila onyesho limesababishwa na nini. Jibu likiwa ni bahati tu, futa, andika upya. Karatasi ni bei rahisi.