Loránd Eötvös na Mizani ya Uzi

Marehemu Loránd Eötvös, mwanachuoni wa Hungaria, alizaliwa Buda mwaka 1848. Babaye, József, alikuwa mwandishi na waziri wa elimu. Mwana alianza kusoma sheria, akaiacha, akaenda Heidelberg, Ujerumani, kusoma fizikia. Uwaziri wa elimu naye aliupata mwaka 1894, lakini haukumkalisha mwaka. Moyo wake ulikuwa kwenye mizani.

Mizani hiyo ilikuwa ufito ulioning'inia kwa uzi mwembamba wa madini, wenye vizito ncha zote mbili. Kikivutwa kizito kimoja kuliko chenziwe, japo kwa kiasi cha unywele, uzi hujisokota. Mwaka 1901 aliipeleka juu ya barafu ya ziwa Balaton.

Swali lake lilikuwa hili: je, mbao na shaba huvutwa na dunia kwa usawa? Alipima miaka mingi, asione tofauti hata ya sehemu moja katika milioni mia. Juu ya usawa huo Einstein aliijenga nadharia yake ya 1915. Lau ungevunjika, jengo zima lingeporomoka.

Eötvös alifariki 1919, na swali halikufa. Mwaka 2016 Ufaransa ilirusha setilaiti ya MICROSCOPE, mbali na mitikisiko ya ardhi, yenye vipimamchapuko vilivyolinganisha platini na titani. Matokeo ya 2022 yalikuwa makini mara mamilioni kuliko yake, na jibu ni lile lile. Mimi nastaajabia zaidi ule uzi.