Lumumba, Jirani Yetu wa Ng'ambo ya Ziwa

Mimi ni mtoto wa Mpanda, ila likizo nyingi za utotoni nilizimalizia Karema kwa bibi mzaa mama. Usiku wavuvi wakiwasha karabai zao ziwani, bibi alikuwa akituonyesha upande wa magharibi na kutuambia kule ni Kongo. Nyumba ya tatu kutoka kwake alikaa mama mmoja muuza dagaa, aliyevuka Tanganyika mwaka 1998 na watoto wawili. Nilimwamkia kila asubuhi, lakini sikuwahi kumuuliza alikimbia nini. Jibu nilianza kulipata hapa chuoni, niliposoma maisha ya Patrice Lumumba, jamaa ambaye wengi wetu tunavaa sura yake kwenye fulana basi.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kijijini Onalua, Kasai. Chuo kikuu hakukiona. Alisoma shule za misheni, akawa karani wa posta Stanleyville, siku hizi Kisangani. Akafungwa kwa kuchukua fedha za posta, na alipotoka akaenda Léopoldville kuuza bia. Oktoba 1958 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha MNC, kilichotaka Kongo moja isiyokatwa vipande vya kikabila. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ikapata uhuru, naye akiwa waziri mkuu wa miaka 34. Umri wa tyuta wetu!

Hakupewa hata wiki mbili za kupumua. Jeshi liliasi, askari wa Ubelgiji wakarudi, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kuitenga Katanga. Wakati ule jimbo hilo lilifika mpaka ufukwe unaotazamana na Karema yetu. Lilikuwa na shaba na kobalti, pia mgodi wa Shinkolobwe, ambao urani yake Wamarekani waliitumia kutengeneza bomu la Hiroshima. Nani angeliachia?

Lumumba aliomba msaada Umoja wa Mataifa. Majeshi yakaja, lakini hayakuirudisha Katanga. Akaenda Marekani mwenyewe, akarudi bila alichokitaka. Ndipo akaomba ndege na malori kwa Wasovieti. Alikuwa akisema wazi kwamba yeye si mkomunisti, lakini kipindi kile ukipokea lori la Moscow umeshahesabiwa. Uchunguzi wa Baraza la Seneti la Marekani mwaka 1975 ulionyesha kwamba CIA walipeleka sumu Kongo ili auawe. Haikutumika.

Tusimfanye malaika. Agosti 1960 askari wa serikali yake waliua raia wengi kule Bakwanga, Kasai, na damu ile ipo kwenye hesabu yake. Septemba Rais Kasavubu alimfukuza kazi, kisha Kanali Mobutu akapindua. Novemba Lumumba alitoroka kuelekea Stanleyville, akakamatwa njiani. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga, akapigwa risasi pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Mwili wake ukayeyushwa kwa tindikali. Jino moja lililobaki, familia ilikabidhiwa Juni 2022.

Mobutu alichukua nchi yote mwaka 1965, akakaa mpaka 1997. Nchi za Magharibi zilimbeba kwa sababu aliwapinga wakomunisti. Aliiba, zikanyamaza. Upande wa pili nao haukukaa kimya: mwaka huohuo wa 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kuwasaidia wafuasi wa Lumumba, akaondoka baada ya miezi saba mikono mitupu. Vita Baridi vilipoisha, Mobutu hakuwa na faida tena kwa waliombeba. Dola ikaporomoka, vita vikaja 1996, vikarudi 1998. Na hapo ndipo mtumbwi wa yule mama muuza dagaa ulipoondoka ng'ambo.

Juzi kijiweni tulibishana hadi usiku kama Tanzania iegemee China, Urusi au Marekani. Kila mmoja alikuwa na timu yake, utadhani Simba na Yanga. Mimi nilimkumbuka Lumumba. Hakuangushwa kwa sababu alichagua timu mbaya. Aliangushwa alipotaka kuchagua mwenyewe, huku nyumba yake imeshagawanyika na mali yake inatamaniwa. Sasa Karema ina bandari mpya, inayosubiri mizigo ya Kongo. Shaba ileile. Kabla hatujauliza ni taifa gani kubwa litainunua, tuulize watu wa pande zote mbili za ziwa watabaki na nini.

Likizo hii nitashuka Karema. Nitampa yule mama shikamoo yake kama kawaida, halafu nitakaa chini na kumuuliza nilichokuwa sijamuuliza, kama mwenyewe atapenda kunisimulia.