Carver: Mtaalamu aliyetafuta krimu ya ngozi ndani ya karanga

JANUARI 6, 1925, mtaalamu wa kilimo mwenye asili ya Afrika, George Washington Carver, alipewa hataza na Serikali ya Marekani, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kwa krimu ya kujipaka iliyotengenezwa kwa karanga. Mtu huyu ambaye magazeti ya wakati wake yalimsifu kwa mamia ya bidhaa, alipata hataza tatu tu katika maisha yake yote. Mbili zilihusu rangi za kupaka. Ya kwanza ilihusu ngozi ya binadamu.

Leo losheni na sabuni zenye maandishi ya "asilia" zimejaa madukani, na vikundi vingi vya wajasiriamali vinakamua nazi, ufuta, alizeti na karanga ili kupata mafuta ya kulainisha ngozi kavu. Carver aliifikiria biashara hiyo karibu miaka 100 iliyopita. Hata hivyo, krimu yake haikumtajirisha yeye wala mkulima wa karanga, na sababu za hali hiyo bado zinamhusu kila anayetaka kupeleka mazao ya shambani kwenye chupa ya vipodozi.

Kutoka utumwani hadi chuoni

Carver alizaliwa miaka ya 1860 karibu na mji mdogo wa Diamond, jimbo la Missouri, kabla utumwa haujafutwa katika jimbo hilo. Kama ilivyokuwa kwa watoto wengi wa watumwa, tarehe ya kuzaliwa kwake haikuandikwa popote. Mama yake, Mary, alikuwa mali ya mkulima Moses Carver. George akiwa bado mchanga, genge la wezi wa watumwa liliwateka yeye na mama yake. Mtoto alipatikana na kurudishwa, lakini mama hakuonekana tena.

Moses na mkewe, Susan, walimlea pamoja na kaka yake. Kwa kuwa afya yake ilikuwa dhaifu, hakupelekwa kwenye kazi nzito za shamba. Alijifunza kupika, kufua, kushona na kutunza bustani. Muda uliobaki aliutumia msituni akikusanya mimea, na majirani wakaanza kumletea maua na miche iliyonyauka ili aitibu.

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Hivyo alikwenda katika mji wa Neosho, akaishi kwa Mariah Watkins, mkunga aliyejua vizuri mitishamba. Baadaye alihamia jimbo la Kansas, ambako alisoma huku akijipatia riziki kwa kupika na kufua nguo za watu. Chuo kimoja kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa alipofika na kuonekana kuwa ni mweusi.

Mwaka 1890 alipata nafasi katika Chuo cha Simpson, jimbo la Iowa, akasomea uchoraji. Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, aliona jinsi alivyochora mimea kwa ufundi, akamshauri asomee kilimo. Mwaka uliofuata akahamia Chuo cha Kilimo cha Iowa mjini Ames, akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi chuoni hapo. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya uzamili mwaka 1896.

Udongo uliochoka

Mwaka huohuo wa 1896, Booker T. Washington, kiongozi wa Chuo cha Tuskegee kilichoko jimbo la Alabama, alimwita aongoze idara ya kilimo kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Carver alikubali, na hakuondoka hapo hadi kifo chake, miaka 47 baadaye.

Alichokikuta Alabama ni udongo uliochoshwa na pamba iliyolimwa mwaka hadi mwaka bila kubadilishwa. Wakulima weusi wengi walilima ardhi ya watu wengine na kulipa kwa sehemu ya mavuno. Mbegu, chakula na mbolea walikopa dukani kabla ya msimu, kwa dhamana ya pamba ambayo ilikuwa bado haijapandwa. Bei ya pamba ikishuka, deni lilivuka mwaka.

Carver aliona kuwa mkulima wa namna hiyo hawezi kununua mbolea ya viwandani. Katika shamba lake la majaribio alitumia mboji, majani ya msituni na matope meusi ya kwenye vinamasi. Alihimiza kubadilisha mazao, pamba ifuatiwe na kunde, karanga au viazi vitamu. Kunde na karanga zina vinundu mizizini ambamo bakteria hunasa naitrojeni kutoka hewani, hivyo humrudishia mkulima rutuba ambayo pamba imeila.

Hakusubiri wakulima waje chuoni. Kuanzia mwaka 1906 gari la kukokotwa na wanyama, lililojulikana kama Jesup Wagon, lilibeba zana na mbegu hadi vijijini kwa ajili ya maonyesho. Aidha, aliandika vijitabu 44 kwa lugha rahisi, akieleza namna ya kulima, kuhifadhi na kupika mazao hayo.

Msukumo mwingine ulitoka kwa mdudu. Bungua anayetoboa vitumba vya pamba aliingia Marekani akitokea Mexico mwaka 1892, na ilipofika karibu mwaka 1910 alikuwa ameanza kushambulia mashamba ya Alabama. Wakulima wengi walihamia kwenye karanga kwa kulazimika. Katika mji wa Enterprise zao hilo lilileta nafuu kubwa kiasi kwamba mwaka 1919 wakazi walimjengea mdudu huyo mnara.

Karanga zitauzwa wapi?

Swali lililofuata analijua kila mkulima aliyewahi kuhamasishwa kulima zao jipya. Mavuno yakishapatikana, nani atayanunua? Carver alijibu kwa kutafuta matumizi. Mwaka 1916 alitoa kijitabu chenye njia 105 za kuandaa karanga kwa chakula. Kisha akaendelea maabara, akitenganisha mafuta, maziwa, maganda na mashudu, na kujaribu kila sehemu peke yake.

Karibu nusu ya uzito wa punje ya karanga ni mafuta. Ngozi kavu ni ngozi ambayo tabaka lake la juu limeshindwa kushikilia maji. Hupauka, hukwaruza na kuwasha, na wakati mwingine hupasuka. Mafuta ya mimea yakipakwa mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, huweka utando unaopunguza maji yanayopotea. Mafuta ya karanga ni mepesi kusambaa na hayana harufu kali yakisafishwa vizuri.

Kwa msingi huo orodha ya Carver ilijaa bidhaa za mwili. Ilikuwa na losheni ya mikono, krimu ya uso, krimu ya kuwachua watoto wachanga, mafuta ya nywele na ya ngozi ya kichwa, shampuu, sabuni, poda na krimu ya kunyolea. Lengo lake lilikuwa punje ileile iliyouzwa kwa bei ya gunia ipate pia bei ya kichupa.

Januari 1921 wazalishaji wa karanga walimtuma mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kutetea ushuru dhidi ya karanga za bei ya chini kutoka nje. Alipewa dakika 10. Alipoanza kutoa sampuli na kuzieleza, wabunge walimwongezea muda tena na tena, ingawa baadhi yao walianza kwa kumkejeli kwa rangi yake. Ushuru huo uliingizwa katika sheria ya mwaka 1922, na jina lake likaenea nchi nzima.

Kampuni iliyokwama

Mwaka 1923 ilianzishwa kampuni yenye jina lake ili kuuza uvumbuzi wake. Hataza ya krimu ilifuata mwaka 1925. Ilitarajiwa kwamba viwanda vingepiga hodi, lakini haikuwa hivyo. Kampuni ilidhoofika bila kuingiza sokoni bidhaa iliyodumu. Dawa ya kifua iliyochanganywa na karanga, iliyouzwa kwa jina la Penol, nayo haikufika mbali.

Sababu moja ilikuwa namna alivyofanya kazi. Carver aliandika kidogo sana kuhusu vipimo. Bidhaa nyingi katika orodha yake hazikuachwa na fomula inayoonyesha kiasi cha kila kitu, joto lake na muda wake, hivyo ilikuwa vigumu kwa mtu mwingine kuzitengeneza zikatoka vilevile. Orodha yenyewe ilirudia baadhi ya vitu kwa majina tofauti, na siagi ya karanga, ambayo wengi humsifia hadi leo, ilikuwepo kabla yake.

Sababu nyingine ilikuwa gharama. Krimu inaweza kutoka vizuri katika chungu cha maabara, lakini mnunuzi dukani huilinganisha na iliyo pembeni yake kwa bei, harufu na muda wa kukaa bila kuharibika. Carver hakuwa mfanyabiashara, wala hakupenda kazi ya hesabu na masoko. Alivaa koti lilelile kwa miaka mingi na hakudai nyongeza ya mshahara.

Mafuta na waliopooza

Miaka ya 1930 mafuta yake ya kuchua yalimletea umaarufu wa aina nyingine. Alianza kuyatumia kuwachua watu waliodhoofishwa na polio, akiamini kwamba mafuta ya karanga huingia mwilini kupitia ngozi na kujenga misuli. Habari hiyo ilisambazwa na magazeti mwishoni mwa Desemba 1933. Barua zikamiminika Tuskegee, na wagonjwa wakafika kwa magari kutoka mbali.

Baadhi yao walipata nafuu. Hata hivyo, haikuthibitika kwamba karanga ndiyo iliyowasaidia. Mikono yake ilikuwa na ustadi wa kuchua, na mazoezi ya namna hiyo huwasaidia wenye misuli iliyolegea kwa mafuta yoyote yanayoteleza. Watu walikuwa tayari kununua tumaini kabla ya kipimo, jambo ambalo kila muuza vipodozi anatakiwa kuliogopa.

Tahadhari ya pili ilijulikana miaka 60 baada ya kifo chake. Mwaka 2003 utafiti uliofanywa Uingereza ulionyesha uhusiano kati ya krimu zenye mafuta ya karanga walizopakwa watoto wachanga na mzio wa karanga waliokuja kuupata. Ngozi yenye pumu ya ngozi ina nyufa, na protini ya karanga inaweza kupenya humo na kuufundisha mwili kuikataa. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani huondolewa karibu protini yote, lakini yaliyokamuliwa kienyeji hubaki nayo. Kwa hiyo mafuta ya karanga yanaweza kufaa ngozi kavu ya mtu mzima asiye na mzio, yakawa hatari kwa mtoto mwenye ngozi inayowasha. Neno "asilia" kwenye lebo halimlindi mtoto huyo.

Alichoacha

Carver hakuoa wala hakuacha mtoto. Mwaka 1940 alitoa akiba yake kuanzisha mfuko wa utafiti wa kilimo Tuskegee. Alifariki Januari 5, 1943, akazikwa chuoni hapo kando ya Booker T. Washington. Mwaka huohuo Serikali ya Marekani ililitenga shamba alikozaliwa kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa, heshima ambayo hakuna Mmarekani mweusi aliyekuwa ameipata kabla yake.

Miaka minne baadaye zao lake lilileta hasara kubwa Tanganyika. Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta baada ya vita, ilianza mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yalitangulia majaribio. Udongo wa Kongwa ulikauka na kuwa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka, mvua haikutosha, na mradi ukafutwa mwaka 1951 ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Carver alikuwa amefanya kinyume chake shambani: alianza na kipande kidogo, akapima udongo, kisha akamfuata mkulima. Ni katika krimu tu ndipo yeye mwenyewe alipoiruka hatua ya kupima.

Kilichomnufaisha mkulima wa Alabama kilikuwa rutuba iliyorudi, chakula mezani na soko la karanga za kula na kukamua. Kwa mjasiriamali anayetengeneza mafuta ya ngozi leo, hatua alizoziacha Carver ndizo za kuanzia. Fomula iandikwe kwa gramu, na kila mkupuo upewe namba na tarehe. Chupa kadhaa ziwekwe kabatini kwa miezi ili kuona zinachacha lini. Lebo itaje wazi kuwa kuna karanga ndani. Mteja mwenye ngozi nyeti ashauriwe kupaka kidogo upande wa ndani wa mkono na kusubiri siku nzima kabla ya kutumia mwili mzima. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, na huko ndiko bidhaa inakopaswa kupita kabla ya kufika dukani. Baada ya hapo hesabu ifanywe upya: ikitolewa gharama ya chupa, lebo, vipimo na usafiri, mkulima aliyeleta gunia amebakiwa na shilingi ngapi zaidi ya zile ambazo angepata kwa kuliuza sokoni?