Mtakatifu Aliyesinzia Katika Sala

Wengi wetu twaijua picha ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ameshika msalaba na maua ya waridi. Picha ile ni nzuri, lakini aitazamaye aweza kudhani kwamba utakatifu ulimjia mtawa yule pasipo taabu. Dawa ya kosa hilo ni kitabu alichokiandika mwenyewe, nacho leo twapenda kukisifu mbele ya jamaa zote za Kikristo.

Thérèse Martin alizaliwa Alençon, nchi ya Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Alipokuwa na miaka minne mama yake alifariki, na jamaa ikahamia Lisieux. Mwaka 1888, akiwa na miaka 15, aliingia monasteri ya Wakarmeli mjini humo. Mwaka uliofuata baba yake, aliyepatwa na maradhi ya akili, alipelekwa katika nyumba ya wagonjwa huko Caen, na binti akaubeba uchungu huo kimya.

Dada yake Pauline, aliyekuwa mkuu wa monasteri, ndiye aliyemwamuru kuandika kumbukumbu za utoto wake. Teresia akaanza mwaka 1895, katika madaftari ya shule, wala hakujipamba. Asema wazi kwamba alisinzia wakati wa tafakari, na kwamba Rozari ilimwia vigumu. Asimulia habari za mtawa aliyemkera kwa kelele zake ndogo nyuma yake kanisani, na za mwingine aliyemrushia maji machafu walipokuwa wakifua. Ni mambo madogo, lakini ndiyo yale yale yavunjayo amani nyumbani mwetu.

Kisha yako makubwa zaidi. Usiku wa Alhamisi Kuu ya mwaka 1896 alitema damu, na katika siku za Pasaka iyo hiyo giza likamwingia rohoni. Mbingu, iliyokuwa furaha yake tangu utoto, ikawa kama imefungwa, na wazo likamdhihaki kwamba baada ya kufa hakuna kitu. Hakuacha kusali, wala hakuificha vita hiyo: aliiandika mwezi wa Juni 1897, na mkono uliposhindwa na wino akamalizia kwa penseli. Tena katika giza hilo alimwombea na kumwandikia barua kijana Maurice Bellière, ambaye baadaye, akiwa Padre Mweupe, alitumwa Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi. Teresia alifariki tarehe 30 Septemba 1897, mwenye miaka 24, na giza lilikuwa bado halijamtoka.

Kitabu chake, Histoire d'une âme, yaani Historia ya Roho, kilitoka mwaka 1898, nakala 2,000. Lakini Pauline, kwa mapenzi yake, alikuwa amesahihisha na kulainisha maneno mengi. Ilikuwa mwaka 1956 tu maandiko yenyewe yalipotolewa kama yalivyo. Je, heshima ya mtakatifu ilipungua? Hata kidogo. Pius XI alikuwa amemtangaza mtakatifu mwaka 1925 na msimamizi wa misioni mwaka 1927. Na mwaka 1997, ukweli wote ukiwa umekwisha kujulikana, Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Ndugu wasomaji, katika nyumba zetu wamo vijana wanaoona mashaka juu ya imani, nao wananyamaza kwa kuogopa kukemewa. Wamo pia akina mama wasinziao na Rozari mkononi baada ya kazi za kutwa, wakidhani Mungu amewakasirikia. Hao wote wapewe kitabu hiki, tena katika toleo lifuatalo maandiko yake mwenyewe. Na mzazi akisome kwanza, ili siku mwanawe atakapofungua kinywa na kusema kwamba haoni mwanga, asimfukuze kwa ukali, bali aketi naye na kusali pamoja naye humo gizani.