Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mshairi wa Ujiji

Ndugu msomaji, bila shaka umeiona miembe ya Tabora. Ukienda Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, utaikuta tena, mikubwa na ya zamani. Miembe hiyo inaonyesha mahali ilipopita njia ya misafara. Njia ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi walibeba nguo na shanga kwenda bara. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Walirudi pwani na pembe za ndovu. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo, wamefungwa minyororo, na wengi wao walifia njiani.

Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichosafiri katika njia ile, nacho hakikuwa na uzito kichwani. Kitu hicho ni lugha ya Kiswahili. Watu wa makabila mbalimbali walikutana kambini, wakapika pamoja, wakauziana vyakula. Iliwabidi wasikilizane. Hivyo Kiswahili kilifika Tabora na Ujiji kabla ya Wajerumani, na kabla ya shule za serikali.

Mtu tunayemsoma leo alizaliwa mwisho wa njia hiyo. Jina lake ni Kaluta Amri Abedi. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Wakati huo misafara ilikuwa imekwisha. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mizigo ilibebwa na gari la moshi.

Kijana Kaluta alikuja Tabora kusoma. Aliingia shule ya serikali, ambayo Waingereza waliianzisha katika miaka ya 1920. Mwanzoni shule hiyo iliwekwa hasa kwa ajili ya watoto wa watemi. Baadaye vijana wengine pia walichukuliwa. Julius Nyerere naye alisoma katika shule hiyo.

Baada ya masomo Kaluta alifundishwa kazi ya ukarani wa posta. Je, unajua karani wa posta alikuwa mtu gani siku zile? Alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Alipata mshahara kila mwezi, na ndugu zake walimtegemea. Kaluta aliiacha kazi hiyo. Akiwa Tabora alikuwa amejuana na Sheikh Mubarak Ahmad, mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya aliyetoka Bara Hindi. Akajiunga na jumuiya hiyo, akawa mhubiri wake. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Waislamu wengi wa Tabora na wa pwani hawakukubaliana na Waahmadiyya, na mabishano yalikuwa makali. Aliyejiunga nao aliweza kutengwa na watu wake mwenyewe.

Jumuiya hiyo ilikuwa na kazi kubwa ya kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Kaluta alisaidia sana katika kazi hiyo. Kitabu kilitoka mwaka 1953. Masheikh wengine hawakuridhika na tafsiri hiyo, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar akatoa yake baadaye. Lakini kwa Kaluta ilikuwa shule ya pili. Mtu anayefasiri kitabu kikubwa hupima kila neno. Kazi ya namna hiyo humfanya mtu aijue lugha yake kwa undani.

Mwaka uliofuata, yaani 1954, alitoa kitabu chake mwenyewe. Kinaitwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Hiki ndicho kilichomfanya ajulikane sana, basi tukitazame polepole.

Mashairi ya Kiswahili ni ya zamani sana. Watu wa Lamu, Mombasa na Zanzibar walitunga kwa mamia ya miaka. Kanuni zao walizijua kwa masikio. Mtoto alimsikiliza babu yake, naye akajua lipi ni shairi na lipi limeharibika. Mtu wa bara hakuwa na babu wa namna hiyo. Alisoma mashairi katika gazeti la Mambo Leo, akayapenda, akajaribu kutunga, lakini hakujua kwa nini lake halikukaa sawa. Kaluta aliziandika kanuni hizo kwa lugha nyepesi. Sehemu ya kwanza ya kitabu ni mafunzo. Sehemu ya pili ni diwani, yaani mkusanyo wa mashairi yake mwenyewe. Sisi tunaona ni jambo la kufurahisha kwamba kanuni za ushairi wa pwani ziliandikwa na mtu aliyezaliwa Ujiji, mbali kabisa na bahari.

Kanuni mbili kubwa ni mizani na vina. Wewe uliyesoma darasa la kisomo unaweza kuzielewa sasa hivi. Unakumbuka ulivyoanza kusoma: ba, be, bi, bo, bu? Kila silabi kama hiyo ni mizani moja. Hesabu kwa vidole silabi za mistari hii miwili. Haitoki katika kitabu chake. Tumeitunga sisi ili ujifunze.

Barabara ya zamani, Ujiji hadi Tabora,
Mizigo iko kichwani, njaa nayo yawakera.

Ba-ra-ba-ra-ya-za-ma-ni. Ni mizani nane. U-ji-ji-ha-di-Ta-bo-ra. Ni nane tena. Kwa hiyo mstari mzima una mizani kumi na sita. Hesabu na mstari wa pili, utapata hivyo hivyo. Sasa tazama vina. Katikati ya mstari wa kwanza kuna silabi -ni, na mwishoni kuna -ra. Katika mstari wa pili ni vivyo hivyo. Kwa Kaluta, shairi ni kitu cha kuimbwa. Mizani ikipungua, mwimbaji hujikwaa kama mpagazi aliyekanyaga shimo.

Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Pakistan kusoma dini zaidi. Aliporudi, Tanganyika ilikuwa imechangamka kwa siasa za TANU. Alikuwa msemaji hodari, na watu walimpenda. Mwaka 1960 alichaguliwa kuwa Meya wa Dar es Salaam. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho. Mji ule ulikuwa umetawaliwa na Wajerumani, kisha na Waingereza. Sasa meya wake alikuwa mtoto wa Ujiji mwenye umri wa miaka 36.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 Sheikh Amri alikuwa Waziri wa Sheria. Hapo lugha ilimfuata tena. Mahakama za chini zilitumia Kiswahili, lakini mahakama za juu na sheria zenyewe zilikuwa za Kiingereza. Fikiri jambo hili. Mtu ameshtakiwa. Hakimu na mawakili wanazungumza juu yake, naye haelewi neno. Anamtazama mkalimani usoni ili ajue kama atafungwa au ataachiliwa. Sheikh Amri alitaka Kiswahili kipande mpaka juu. Kazi ya kutafuta maneno ya sheria kwa Kiswahili ilianza miaka ile, lakini safari ilikuwa ndefu kuliko ile ya Bagamoyo. Mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Mwaka 1964 alipewa wizara ya Maendeleo na Utamaduni wa Taifa. Hakukaa sana. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo alifariki dunia akiwa Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 40 tu. Mwishoni mwa mwezi huo nchi yake ilipewa jina la Tanzania.

Mjini Arusha kuna uwanja wa michezo wenye jina lake. Vijana wengi wanaokwenda kutazama mpira pale hawajui kama alikuwa mshairi. Lakini kitabu chake hakikusahauliwa. Miaka ya 1970 washairi vijana, kama Euphrase Kezilahabi, walianza kutunga bila vina wala mizani. Ubishi mkubwa ukazuka, na waliotetea kanuni za zamani walishika kitabu cha Sheikh Amri mkononi. Ubishi huo haujaisha.

Kama una mtoto anayesoma sekondari, mwulize mizani ni nini. Kisha mwonyeshe ile mistari yetu miwili. Ubeti wa shairi huwa na mistari minne, basi bado miwili. Itungeni pamoja usiku huu, lakini msisahau: katikati -ni, mwishoni -ra.