Mendeleev, mtu aliyeziachia nafasi elementi zisizojulikana

Msikilizaji wetu mkulima, kwenye mfuko wa mbolea kuna herufi N, P na K. Hizo ni alama za elementi tatu: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Elementi ni kitu kilichoundwa na atomi za aina moja tu, na atomi ni chembe ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Leo tunamtazama mtu aliyezipanga elementi zikaeleweka: Dmitri Mendeleev wa Urusi.

Alizaliwa mwaka 1834 mjini Tobolsk, Siberia, akiwa kitinda mimba katika familia kubwa. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, alipofuka, na mama yake Maria akaendesha kiwanda cha vioo ili watoto wapate kula. Mwaka 1847 baba alifariki. Mwaka uliofuata kiwanda kikateketea kwa moto. Mama hakukata tamaa. Alimchukua Dmitri wakafunga safari ndefu hadi Moscow, lakini chuo kikuu hakikumpokea. Wakaendelea mpaka Saint Petersburg, ambako mwaka 1850 alipata nafasi katika chuo cha ualimu. Mwaka huohuo mama yake akafariki.

Mwaka 1869 Mendeleev, sasa profesa, alikuwa akiandika kitabu cha kemia. Elementi 63 zilikuwa zimejulikana, lakini hapakuwa na mpangilio uliokubaliwa na wote. Alizipanga kwa uzito wa atomi zake, kuanzia nyepesi, akaona kwamba tabia hujirudia. Sodiamu na potasiamu, kwa mfano, zote ni metali laini zinazomenyuka vikali na maji, hivyo zikakaa kundi moja. Zote mbili pia huungana na klorini, gesi ya sumu, zikatoa chumvi. Ile ya sodiamu ndiyo tunayotia kwenye mboga.

Pale ambapo hakuna elementi iliyofaa, aliacha nafasi wazi. Tena akatabiri tabia za elementi ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona. Wengi walitilia shaka.

Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua galiamu. Aliipima akaona ni nzito mara 4.7 kuliko maji ya ujazo uleule. Mendeleev, ambaye hakuwa na hata punje yake, alisema kipimo kina kasoro, kwani inapaswa kukaribia 5.9. Mfaransa akaisafisha zaidi, akapima tena, akapata 5.9. Skandiamu ikafuata mwaka 1879 na jemaniamu mwaka 1886, nazo zikakaa katika nafasi alizoziacha.

Mendeleev alifariki mwaka 1907 bila kupata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha kuwa kinachopanga elementi hasa si uzito, bali namba ya atomi, yaani idadi ya protoni zilizomo ndani ya kila atomi. Leo jedwali lina elementi 118, na ya 101 inaitwa mendelevi, kwa heshima yake.

Ukishika tena mfuko wa mbolea, kumbuka kwamba N na P zimo katika kundi moja la jedwali hilo.