Rudolf Diesel

Ukisimama pwani ya Nungwi wakati wa alasiri, karibu na mahali ambapo mafundi huunda mashua na majahazi, mara nyingi utausikia mlio wa mashine kabla hujakiona chombo chenyewe. Kisha utauona moshi wake. Vyombo vingi vya mbao vyenye mashine ya ndani huendeshwa kwa dizeli, na bila shaka umekwisha kulisikia neno hilo mara nyingi. Labda wadhani kuwa ni jina la mafuta tu. Kabla ya kuwa jina la mafuta, lilikuwa jina la mtu, na habari za mtu huyo ndizo utakazosoma sasa.

Rudolf Diesel alizaliwa mjini Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Baba yake alitengeneza vitu vya ngozi, na mtoto alisaidia kuvipeleka kwa wanunuzi kwa mkokoteni. Mwaka 1870 vita vilizuka baina ya Ufaransa na Wajerumani, na familia ya Diesel ikalazimika kuhama. Wazazi walikwenda London; Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa Augsburg, Ujerumani, kwa jamaa yake aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Huko alisoma kwa bidii nyingi, kisha akaingia chuo cha ufundi cha Munich.

Mmoja wa walimu wake hapo alikuwa Profesa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengenezea barafu. Siku moja Linde aliwaeleza wanafunzi udhaifu wa mashine za mvuke, ambazo wakati ule ndizo zilizoendesha viwanda, meli na gari-moshi. Katika kila sehemu 100 za joto la makaa, sehemu zilizogeuka kuwa kazi hazikuzidi kumi. Zilizobaki zilipotea hewani. Diesel aliandika jambo hilo pembeni mwa daftari lake na hakulisahau tena.

Ili uelewe wazo lililomjia baadaye, tafuta pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini kwa nguvu mara kadhaa. Gusa sasa sehemu ya chini ya pampu. Utahisi joto. Hewa ikishindiliwa ghafla mahali padogo hupata moto. Diesel alijiuliza itakuwaje ikiwa hewa itashindiliwa ndani ya silinda ya chuma hata ipate moto mkali, ndipo mafuta yanyunyiziwe humo. Mafuta hayo yatawaka yenyewe, bila kiberiti wala cheche ya umeme. Katika mashine za dizeli za leo joto la hewa iliyoshindiliwa hupita nyuzi 500 za sentigredi, na hilo latosha kabisa kuwasha mafuta.

Mwaka 1892 aliomba hataza ya wazo lake, naye akaipata mwaka 1893. Kiwanda cha mashine cha Augsburg kilikubali kumsaidia. Tarehe 10 Agosti 1893 mashine ya kwanza ilijaribiwa. Mafuta yaliwaka kweli, lakini kwa kishindo kikubwa mno: kipimo cha kanieneo kilipasuka, na vipande vyake vikaruka karibu na waliokuwapo. Pengine mtu mwingine angeacha. Diesel alirudi kwenye meza ya michoro. Tarehe 17 Februari 1894 mashine iliyorekebishwa ilizunguka yenyewe mara 88, nayo ilidumu kama dakika moja tu. Fikiri, kazi ya miaka kwa dakika moja!

Miaka mitatu mingine ilipita. Mwezi Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich alikuja kuipima mashine mpya, iliyokuwa na silinda moja na urefu wa mita tatu hivi. Hakuuliza kama mlio wake ni mzuri au kama imepakwa rangi nzuri. Alipima mafuta yaliyoingia, akapima kazi iliyotoka, akalinganisha. Matokeo yalionyesha kwamba katika kila sehemu 100 za joto la mafuta, sehemu 26 na ushei ziligeuka kuwa kazi. Hakuna mashine nyingine ya joto iliyokuwa imefika hapo.

Njia hiyo ya Schröter yafaa hata leo, mtu akitaka kulinganisha mashine mbili kuukuu katika mashua. Mashine ya zamani huwa nzito, huzunguka polepole, na nyingine huwashwa kwa mkono. Nahodha huipenda kwa sababu fundi aweza kuifungua palepale pwani kwa spana chache. Mashine mpya huwa nyepesi zaidi, na mara nyingi hutumia mafuta machache kwa kazi ileile. Lakini kupenda si kupima. Mashine zote mbili zipewe kiasi kimoja cha mafuta, zisukume chombo kimoja chenye mzigo mmoja, katika maji yaliyotulia, na umbali uandikwe. Ukibadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja, hutajua lipi limeleta tofauti.

Fundi mzoefu hutazama pia bomba la moshi. Mashine nzima, ikisha kupata moto, hutoa moshi hafifu sana. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa iliyopo ya kuyaunguza: huenda kichujio cha hewa kimeziba, nozeli imechakaa, au chombo kimebebeshwa mzigo kupita kiasi. Moshi wa buluu huonyesha kwamba oili ya kulainishia inaingia ndani ya silinda na kuungua, kwa kawaida kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe usiokoma huenda ukawa mafuta yasiyowaka, au maji yanayopenya penye ufa. Bomba lenyewe likijaa masizi, moshi hukosa njia. Nao usipotoka wote, hewa safi haipati nafasi ya kuingia, mafuta huungua vibaya zaidi, na masizi huongezeka. Ndiyo maana mashine hudhoofika pole pole hata nahodha asitambue, mpaka siku anapohitaji nguvu zote katika mkondo wa Pemba na upepo ukiwa mbele yake.

Katika vyombo vingine maji ya bahari hupulizwa ndani ya bomba ili kulipoza, nayo hutoka pamoja na moshi. Maji hayo yakikoma kutoka, mashine izimwe mara moja, kisha pampu ikaguliwe. Tena bomba lenye ufa lisiachwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na yaweza kumwua mtu aliyelala. Baadhi ya mabomba ya zamani yamezungushiwa asibestosi. Vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo usiyachezee.

Tuendelee na Diesel. Mwaka 1900 mashine ya aina yake ilionyeshwa Paris ikitumia mafuta ya karanga. Mwaka 1912 meli ya Kidenishi iitwayo Selandia ilisafiri kutoka Copenhagen hadi Bangkok kwa nguvu ya dizeli. Haikuwa na dohani. Moshi wake ulipitishwa kwenye mabomba ya mlingotini, na watu wa bandarini walishangaa kuona meli kubwa namna ile isiyo na dohani wala matanga.

Mwenye jina hakustarehe. Mashine nyingi za kwanza zilizouzwa ziliharibika, na wanunuzi wakalalamika. Aliugua kwa uchovu wa akili, akapoteza fedha nyingi katika biashara ya viwanja, na madeni yakamzidi. Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden bandarini Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza. Alikula chakula cha usiku na wenzake, akaomba aamshwe alfajiri, akaenda chumbani. Asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikuwa sitahani.

Siku kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliuona mwili ukielea. Bahari ilikuwa imechafuka, nao hawakuweza kuuchukua. Walitoa mifukoni kisu kidogo, mfuko wa miwani na vitu vingine vichache, wakauacha mwili majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Kama alianguka, kama alijitupa, au kama alisukumwa, hakuna aliyethibitisha hadi leo.